Sauti Mbili za Kaka

Redioni aliitwa Sawasawa, na nje ya redio jina lilimfuata kama kivuli. Kinyozi alimwita Sawasawa, muuza magazeti alimwita Sawasawa, na mwenye duka la saruji alikataa katakata kuamini kwamba mtu yule ana jina jingine. Chanzo kilikuwa kipindi cha Kiingereza cha kila Jumamosi asubuhi. Dada yake, ambaye wasikilizaji walimjua kama Mwalimu, alileta maneno mawili yanayofanana, na yeye, kwa sauti nyembamba ya mtu aliyebanwa na mlango, alilalamika: "Aa, Mwalimu! Si sawasawa tu?" Hapo ndipo somo lilipoanza.

Mwalimu alishikilia kwamba hakuna maneno mawili yenye maana moja. Anayeyaona ni mamoja hajayatazama vizuri. Kazi ya Sawasawa ilikuwa kutotazama vizuri. Aliomba kalamu kwa kusema "borrow me your pen", kwa kuwa Kiswahili kinamwambia kwamba mwenye kalamu huazima na asiye na kalamu naye huazima. Mwalimu akamuuliza kalamu inatoka mfuko wa nani kwenda mfuko wa nani.

"Kumbe 'borrow' ni mkono unaopokea, na 'lend' ni mkono unaotoa?"

"Ndiyo."

"Na asiyerudisha je?"

"Huyo ana neno lake, na polisi wanalijua."

Kicheko cha fundi mitambo kilisikika mpaka hewani. Watahiniwa wengi waliopita katika mtihani wa Kiingereza waliijua tofauti ile kwa sababu ya kalamu ya Sawasawa.

Studioni, kati ya kaka na dada hakuna aliyesoma mahali. Mwalimu peke yake alijua maneno ya siku hiyo. Kaka yake alikaa mbele ya maikrofoni mikono mitupu na kukosea papo hapo. Kosa la kupangwa, Mwalimu alisema, msikilizaji hulinusa. Kosa likitoka bila ladha alisema neno moja tu, "Rudia," na fundi nyuma ya kioo akazungusha kidole hewani kuonyesha kwamba mashine imeanza upya. Jioni fundi aliuliza, "Yaliyobaki nifute?" naye akajibu, "Futa." Diski ya studio ilikuwa ndogo, na isitoshe, aliyemaliza kupika huosha sufuria.

Sauti ya Sawasawa haikuwa sauti ya kaka. Nyumbani kaka alikuwa mtu wa sauti nzito, ya polepole, iliyoanzia kifuani na kuchelewa kufika. Mkewe alipofariki, binti yao akiwa bado shule ya msingi, ni sauti hiyo iliyomlaza mtoto kila siku kwa hadithi moja aliyoitunga mwenyewe, ya mwizi aliyeiba viatu vya kushoto tu. Kila mwizi alipofungua gunia lake na kukuta amekosea tena, baba alisema, "Kushoto... tena!" Neno la kwanza alilivuta chini kama ndoo kisimani, la pili akalipandisha ghafla, na mtoto akaangua kicheko. Mtoto huyohuyo, akisikia kipindi redioni, alikuwa akinuna: "Huyo mtu amemficha baba."

Ugonjwa ulianza kama ukwaruzo. Kaka alitafuna tangawizi, akaacha maji baridi, akakilaumu kipaza sauti. Daktari alimwingizia kamera nyembamba puani, akaona uvimbe, akakata kipande, na majibu yaliporudi hakuzunguka mbuyu. Ilikuwa saratani, na ilikuwa imekaa palepale sauti inapotengenezwa. Kiungo chote kingeondolewa. Angeishi, kwa uwezekano mzuri. Angepumua kwa tundu shingoni. Asingeongea tena kwa sauti yake.

"Nitaongea kwa ya nani?" kaka aliuliza.

Daktari hakucheka, kwa hiyo Mwalimu naye hakucheka.

"Sauti iliyobaki itumie kidogo kidogo," daktari alisema. "Asubuhi itakuwa afadhali. Mchana itachoka. Siwezi kukuahidi itakufikisha siku ya upasuaji."

Njiani kurudi nyumbani kaka alimwambia dada yake anachotaka. Binti yake alikuwa mjamzito, katika mji mwingine alikokuwa akifanya kazi ya uuguzi. Alitaka mjukuu asikie hadithi ya mwizi wa viatu kutoka kwenye kinywa cha babu yake.

"Tutairekodi," Mwalimu alisema. "Studio tunayo. Lakini tumalize masomo kwanza."

"Masomo yamebaki mangapi?"

"Machache. Ratiba imeshafika mashuleni, kaka. Watahiniwa wanayangoja."

"Na mjukuu wangu?"

"Mjukuu wako hajazaliwa. Sikiliza. Sauti ya Sawasawa ni ya juu, inataka koo zima. Hadithi unaweza kuisimulia hata ukiwa umekwaruza. Tena itapendeza zaidi. Kigumu kwanza, chepesi baadaye."

Hoja ilikuwa imenyooka. Kaka aliitafuta kasoro asiipate, kama ilivyokuwa tangu utotoni, akasema, "Haya, Mwalimu. Wewe ndiye mwenye chaki."

Kasoro ilikuwepo, ila haikuwa ndani ya hoja. Ilikuwa ndani ya koo. Sauti ya juu haikuwa ikitumia fungu lake na kuliacha fungu la sauti nzito. Ilikuwa ikila zote mbili. Daktari angewaambia hivyo kama wangemuuliza, na Mwalimu, aliyeuliza kila kitu maishani, hilo hakuliuliza.

Walirekodi asubuhi, siku moja moja, na kaka akashinda kimya baadaye, akiomba chumvi kwa kidole. Masomo yalitoka vizuri. Ukwaruzo ulimwongezea Sawasawa uchekeshaji, na fundi alisema mzee amekuwa kama jogoo aliyemeza filimbi.

Siku ya somo la mwisho kaka alifika na shali shingoni. Fundi alimweka sawa mbele ya maikrofoni, akaomba sauti kidogo apime kiwango. Kwa kawaida kaka alihesabu moja, mbili, tatu. Siku hiyo alifumba macho.

"Hapo kale," alisema, kwa sauti yake ya nyumbani, "paliondokea mwizi wa viatu. Hakuwa mwizi mbaya. Tatizo lake ni kwamba aliiba gizani. Akafika nyumba ya kwanza, akapapasa mlangoni, akatia gunia, akakimbia. Kufungua gunia, anaona nini? Kushoto... tena!"

Nyuma ya kioo fundi aliacha mikono juu ya meza ya sauti, akasahau kupima.

"Kiwango kimekaa?" Mwalimu aliuliza.

"Kimekaa, Mwalimu."

"Basi inatosha. Kaka, tunza sauti. Hiyo ni ya mwisho wa kazi."

Maneno ya siku hiyo yalikuwa "wait" na "expect". Mwalimu aliyachagua kwa makusudi, maana aliona yangemfurahisha kaka yake, naye hakuwa mwepesi wa kufurahisha watu kwa njia nyingine. Alieleza kama kawaida: "wait" ni kazi ya mwili, mtu yuko mahali na muda unapita; "expect" ni kazi ya kichwa, mtu anajua kitu kinakuja, hata akiwa amelala usingizi. Kisha akamwachia nafasi Sawasawa akosee.

"Mwalimu, si sawasawa tu? My daughter is waiting a baby!"

"Anamngojea wapi?"

"Getini! Na mwavuli ame..."

Sauti ilipasuka katikati ya neno kama kitambaa kikikamatwa na msumari.

"Rudia," Mwalimu alisema. Kidole cha fundi kikazunguka.

Alirudia, ikapasuka mapema zaidi. Akanywa maji ya uvuguvugu, akarudia tena, na safari hii hakupanda. Alikaa chini, kwenye sauti yake, akazungumza na maikrofoni kama mtu aliyeketi ukingoni mwa kitanda.

"My daughter is expecting a baby," alisema taratibu, bila kosa lolote. "And I am waiting to meet him. Nina hadithi yake hapa. Asichelewe sana kama mama yake, maana mama yake kila kitu alikuwa akichelewa, hata kulala."

Fundi alimtazama Mwalimu kupitia kioo.

"Kaka, huyo siye Sawasawa," Mwalimu alisema. "Sawasawa hajui jibu. Ukimpa jibu, mimi nitafundisha nini? Rudia."

"Mdogo wangu..."

"Mara moja tu. Itoke safi, tumalize."

Haikuwa mara moja. Ilipotoka safi hatimaye, ilikuwa safi kweli. Yeyote aliyeisikia Jumamosi ile alicheka kwa mwavuli na geti. Kaka aliondoa hedifoni, akafungua mdomo aanze hadithi, na kilichotoka kilikuwa hewa. Alijaribu tena. Akashika koo, akamtazama dada yake kwa mshangao wa mtu aliyetia mkono mfukoni na kukuta funguo hazipo.

"Imechoka," Mwalimu alisema. "Asubuhi itakuwa afadhali. Daktari alisema hivyo. Kesho asubuhi tunakuja kwa hadithi peke yake."

Walipokuwa wakitoka, fundi aliuliza swali lake la siku zote. Alikawia kidogo kuliuliza, Mwalimu alikumbuka baadaye, na alikuwa bado ameushika mlango.

"Haya yaliyobaki, Mwalimu... nifute?"

"Futa," alisema, akitafuta mwavuli wake.

Asubuhi haikuwa afadhali. Kaka aliamka na homa na shingo imevimba, pumzi ikipiga mluzi, na hospitali haikumruhusu kurudi nyumbani. Upasuaji uliokuwa umepangiwa siku ya mbele uliletwa karibu. Mwalimu alikaa kwenye benchi la korido mbele ya mlango wa chumba cha upasuaji, mkoba magotini, mgongo umenyooka. Alikuwa akingoja. Hakuwa akitarajia kitu.

Upasuaji ulifaulu. Neno hilo daktari alilitumia kwa haki, maana uvimbe wote ulitoka na kaka akapona. Alirudi nyumbani na tundu shingoni alilolifunika kwa kitambaa chepesi, na kibao kidogo cheupe cha kuandikia kwa kalamu ya wino unaofutika. Hospitali ilimpa pia kifaa cha kuweka shingoni, kinachotetemesha ngozi na kutoa maneno. Alikijaribu mara moja. Binti yake, aliyekuwa amechukua likizo kuja kumuuguza, alisikiliza, akauma midomo, akashindwa kujizuia.

"Baba, samahani. Unaongea kama jokofu."

Kaka alicheka mpaka mabega yakatikisika, bila mlio wowote. Kisha akakiweka kifaa kabatini, nyuma ya shuka.

Binti alikuwa na tumbo la kutosha kuegemeza kikombe. Alimngoja shangazi yake jikoni, wakiwa wawili.

"Shangazi, baba aliniandikia kwamba hadithi ya viatu alitaka kunirekodia. Iko wapi?"

"Haikurekodiwa yote."

"Hata kipande nipe. Sina sauti ya baba hata kwenye simu. Unamjua, hakuwahi kuacha ujumbe wa sauti. Alisema amechoka na maikrofoni."

"Nipe muda, mwanangu," Mwalimu alisema.

Alikwenda moja kwa moja studio. Fundi alimwona mlangoni, akajua.

"Nilifuta, Mwalimu. Siku ileile. Na nafasi yake imeshajazwa taarifa za habari." Akashika kichwa. "Nilitaka kukwambia nibakize ile ya kupima kiwango. Nikasema moyoni, Mwalimu hapendi mabaki. Ndiyo hivyo tena, wanasema majuto ni..." Akakumbuka tumbo la binti, akameza neno la mwisho.

Mwalimu hakumlaumu. Alivuta kiti, akaomba vipindi vyote vya miaka yote, na akaanza kufanya alichokijua. Alitafuta maneno. Katika somo la "steal" na "rob" alipata mwizi. Katika somo la "shoe" na "boot" alipata kiatu. Kushoto alipata kwenye "left" na "forgot", siku Sawasawa alipodai amesahau mwavuli ofisini na kumbe ameuacha, akabisha kwamba 'left' ni kushoto. "Tena" lilikuwa kila mahali. Fundi alikata na kuunga, akashusha sauti kwa mashine ili nyembamba iwe nene, akalainisha viungo mpaka sikio lisilojua lisingeona mshono. Kazi ilichukua majuma, na ilikuwa kazi safi.

Walimpigia binti sebuleni. Kaka alikaa kwenye kiti chake cha kona, kibao magotini. Binti alisikiliza akiwa ameweka mkono tumboni. Mwizi alipapasa, gunia likafunguka, na spika ikasema, "Kushoto. Tena."

"Zima, shangazi."

Mwalimu alizima.

"Huyu ni Sawasawa," binti alisema. "Mmempa dawa ya kulala, lakini ni yeye. Nilimchukia huyu nikiwa mdogo."

"Kila neno ni lake baba yako. Hakuna hata moja lililobuniwa."

"Najua. Ila baba hayumo." Alifuta macho kwa kiganja. "Baba aliandika kwamba siku ile alianza. Alianza kwa sauti yake. Hiyo iko wapi?"

Mwalimu angeweza kusema mashine iliharibika. Wazo hilo lilimpitia, akalitazama, akaliacha lipite.

"Ilifutwa."

"Na nani?"

"Nilimwambia fundi afute. Ilikuwa jaribio la kiwango, na mengine alizungumza nje ya somo. Hayakuwa ya kutumika."

"Wewe ndiye uliyeifuta, shangazi?"

"Niliagiza ifutwe."

"Kufuta na kuagiza kufutwa," binti alisema, akiinuka kwa shida, mkono kiunoni. "Wewe unajua tofauti ya kila kitu. Mimi hapo naona ni sawasawa tu."

Mwalimu alifungua mdomo. Tofauti ilikuwepo, angeweza kuieleza kwa mifano miwili. Alifunga mdomo. Kaka aliandika kitu kwenye kibao, akakigeuza kuwaonyesha: *Msigombane. Nilikubali mwenyewe.* Kisha akayafuta maneno kwa upande wa kiganja, na wino ukabaki mkononi mwake.

Mtoto alizaliwa msimu wa mvua, mvulana, akiwa amechelewa kama babu yake alivyohofia. Kipindi cha Jumamosi kilikuwa kimekoma. Kabla ya hapo kituo kilimtafutia Mwalimu mwenzake mwingine, kijana mchangamfu aliyeigiza "si sawasawa tu?" vizuri kiasi kwamba watu wawili walipiga simu kuuliza kama mzee amepona. Mwalimu alirekodi naye somo moja, akamshukuru, akajiuzulu.

Mtoto alipofikisha umri wa kukaa na kushangaa vitu, binti alikuja kumwonyesha babu. Alimwamkia shangazi yake kwa heshima yote, akampa mtoto ampakate, na hakurejesha maneno ya siku ile. Lakini Mwalimu aliona kwamba sasa anamjibu yale tu aliyoulizwa.

Mchana, baada ya chakula, kaka alitoka chumbani na gunia. Aliketi mkekani mbele ya mjukuu, akaingiza mkono, akapapasa kwa kutazama juu kama mtu aliye gizani, akatoa kiatu cha kushoto. Akakishangaa. Akatoa kingine, cha mtu mwingine, cha kushoto. Alikuwa amekusanya viatu vya nyumba nzima, na Mwalimu alikitambua chake mwenyewe, cheusi, cha studioni. Kaka alimtazama binti yake na kuinua kidevu.

Binti alielewa. Alikaa nyuma ya baba yake, karibu na bega, akaanza kusimulia huku mikono ya baba ikitenda. Mwizi hakuwa mwizi mbaya. Tatizo lake aliiba gizani. Kiatu kikatoka.

"Kushoto... tena!" binti alisema.

Mtoto aliwatazama bila kucheka. Mwalimu, aliyeketi kwenye kiti cha kona, aliisikia mara moja. Ilikaribia sana. Ndoo ilishuka vizuri, lakini ilipanda mapema, kabla ya kugusa maji. Ilihitaji kukaa chini kidogo zaidi. Alijua hasa kiasi gani. Pengine alikuwa mtu pekee duniani aliyejua, yeye na yule ambaye asingeweza kulisema. Neno lake la miaka yote lilimpanda kooni, akalishika hapo.

Kaka aliinua mkono na kuzungusha kidole hewani.

Binti hakuijua ishara ile. Alimtazama shangazi yake.

"Anasema urudie," Mwalimu alisema.

"Nimekosea?"

Mwalimu alimtazama kaka yake. Kaka alikuwa amefumba macho kama siku ile mbele ya maikrofoni, kichwa kimeinama upande wa binti yake, anasikiliza.

"Sijui," alisema, na lilikuwa jibu ambalo hakulizoea. "Rudia tu."

Binti alirudia. Kidole kikazunguka. Akarudia tena, na tena kidole kikazunguka, na kila mara ilitoka tofauti kidogo na kila mara haikuwa yenyewe, mpaka mtoto akaanza kucheka, si kwa hadithi, ila kwa kidole cha babu.

Mwalimu aliinuka, akaenda jikoni, akawasha jiko na kuinjika maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Alisimama hapo na mguu mmoja una kiatu, akisikiliza kupitia ukuta.